Mchezo wa Zamu na Nia ya Moyo

Wazazi wa Ujiji na Kigoma mjini huuliza juu ya michezo ya simu, na mara nyingi swali lao ni hili: mchezo usio na mbio wala mlio wa bunduki, ambao mtoto hutulia akafikiri kabla ya kutia kidole, je, si afadhali kuliko ule wa fujo?

Swali lina msingi. Ipo michezo mashuhuri ya mapigano iliyogeuzwa ikachezwa kwa zamu, mithili ya bao. Studio ya Square Enix iliyokuwa Montreal, Kanada, ilitoa Hitman GO mwaka 2014 na Lara Croft GO mwaka 2015. Asili zake, Hitman ya mwaka 2000 na Tomb Raider ya mwaka 1996, zilitaka wepesi wa mkono. Hii yataka akili: wewe hatua moja, adui naye hatua moja, usiposogea, naye hasogei.

Wanavyuoni wa madhehebu yetu ya Shafii walikwisha kutenga michezo ya bahati na michezo ya fikra. Nardi, mchezo wa dado, imekatazwa kwa hadithi sahihi. Sataranji, Imam Nawawi ameiweka katika makuruhu, maadamu hamna kamari wala haimpitishi mtu sala. Kwa kipimo hicho mchezo wa zamu una nafuu yake.

Lakini, ndugu msomaji, tazama kinachofikiriwa. Hitman ni muuaji wa kukodiwa. Ndani ya Hitman GO watu ni vinyago juu ya ubao; ukimwangusha mlinzi, kinyago chake huwekwa kando, hapana damu wala ukelele. Wengi huona hiyo ndiyo stara. Mimi naona kinyume. Katika sharia, kuua kwa bahati mbaya ni jambo moja na kuua kwa kusudi ni jingine, na kinachotenganisha ni kule kukusudia. Mchezo wa mbio humpa mchezaji udhuru wa haraka. Huu wa zamu humwachia wakati autakao, apange, apime, ndipo amwendee mtu kwa nyuma. Simwiti mtoto huyo muuaji, hasha. Kinyago hakina roho. Nasema moyo hushika zaidi lile unalolirudia ukiwa umetulia.

Atakayesema hata bao lina kula, amesema kweli. Nenda barazani Ujiji baada ya Alasiri, wavuvi wa dagaa wakingoja giza waingie ziwani na taa zao, uwatazame. Kete 64 zile, zikiliwa hazitoki uwanjani: aliyekula huzitia katika mashimo yake zikaendelea na kazi. Na mbele yako amekaa mtu aliyekupa salamu, atakayekucheka ukikosea. Kwenye simu hakuna wa kumwonea haya. Ukikosea unaanza upya hata mara mia.

Ama Lara Croft, yeye katika mchezo huu wa zamu huua nyoka, buibui na mijusi mikubwa, na nyoka tumeamrishwa kumuua hata tukiwa ndani ya sala. La kumuuliza bibi huyo ni makaburi anayoyavamia. Mchezo wake sina ugomvi nao, baada ya chuo na sala. Ule wa muuaji ningeuondoa kwenye simu, na kijana akiuliza sababu aelezwe, asinyang'anywe kimya kimya.