Je, Wema Waweza Kununuliwa kwa Mshahara?

Liko swali ambalo yampasa kila mwenye nyumba kulitafakari: Mtu akitenda mema kwa kuwa amelipwa ayatende, je, mema hayo ni yake? Na tulitazame katika maisha ya mtu wa kawaida wa Marekani, mfanyakazi wa kiwandani, zaidi ya miaka 100 iliyopita.

Tarehe 5 Januari 1914 Henry Ford, mwenye kiwanda cha motakaa kule Highland Park, jirani na mji wa Detroit, alitangaza ya kuwa saa za kazi zitapunguzwa kutoka 9 hata 8, na ujira wa siku, uliokuwa kiasi cha dola 2 na senti 34, utakuwa dola 5. Watu walistaajabu mno. Wala haikuwa huruma tupu: kazi ile ilichosha, mtu akirudia tendo moja mchana kutwa, hata wengi wakaiacha upesi, na kiwanda kikapata hasara kwa kufundisha wapya kila mara.

Lakini dola zile 5 zilikuwa na sharti. Karibu nusu yake haikuitwa ujira, bali fungu la faida, nalo walipewa wale tu walioonekana kuwa na mwenendo mwema. Wakaguzi wa kiwanda wakaenda nyumba kwa nyumba wakiuliza: Mume akaa na mkewe na kuwatunza watoto? Aweka akiba? Anywa pombe? Nyumba ni safi? Aliyepungukiwa alinyimwa fungu lake mpaka atengenee; asiyetengenea kwa miezi 6 aliweza kufukuzwa. Wahenga walisema, “Mgeni njoo, mwenyeji apone”. Lakini mgeni huyu alikuja na daftari.

Tusiwe wepesi wa kuhukumu. Dola 5 zilitia chakula mezani na viatu miguuni mwa watoto. Na mtu akiacha ulevi kwa kuogopa kupoteza fedha, mkewe hata hivyo hulala kwa amani usiku ule. Mtoto naye huanza kutii kwa kuogopa fimbo, kisha akikua hupenda lililo jema lenyewe. Mwanzo dhaifu si wa kudharauliwa.

Walakini mambo mawili yatulemea. Kwanza, ujira ni haki ya jasho. Amnyimaye mtu fungu lake kwa ajili ya mambo ya nyumbani mwake amejifanya baba katika nyumba isiyo yake. Pili, yule mke: usafi wa nyumba aliyoifagia ulipimwa, lakini fedha ilihesabiwa kwa jina la mume.

Mwaka 1921 kasisi Samuel Marquis, aliyewasimamia wakaguzi wale tangu 1915, aliacha kazi hiyo, na ukaguzi ukafifia. Siku ya namna hiyo ndiyo ipimayo moyo. Mume aliyemtunza mkewe kwa ajili ya daftari hakuwa na sababu tena; aliyemtunza kwa upendo hakupotewa na kitu.

Basi mshahara waweza kununua mwenendo. Wema hauwezi kuununua. Nasi tulio wazazi, walimu na wasimamizi, tujiulize: hao tuwaongozao hutenda nini mlango ukiisha kufungwa, na mgeni akiisha kwenda zake?