Hesabu Ni Dalili, Si Hukumu

Ndugu Waislamu, wako kati yetu wanaodhani kuwa kuhesabu watu ni jambo la serikali tu, halina asili katika dini. Na wako wengine ambao wakishaona tarakimu imeandikwa, huwa kwao hiyo ndiyo haki yote. Makundi yote mawili yamekosea.

Mwaka wa 2 wa Hijra, kabla ya vita vya Badr, walishikwa vijana wawili waliokuwa wakiwatekea maji Makureshi. Mtume (S.A.W.) aliwauliza idadi ya jeshi lao, hawakuijua. Akawauliza ni ngamia wangapi wanaochinjwa kila siku, wakamwambia kuwa siku moja tisa, siku nyingine kumi. Hapo akajua kuwa watu hao ni baina ya 900 na 1,000. Hii ndiyo ilimu ya takwimu: kwa kichache kinachoonekana, kukisia kingi kisichoonekana.

Lakini mwaka wa 8, katika vita vya Hunayn, Waislamu walikuwa 12,000, na baadhi yao wakaghurika na wingi wao. Ardhi ikawa dhiki kwao, wakageuza migongo, mpaka Mwenyezi Mungu akawateremshia utulivu. Khabari hii imo katika Suratut Tawba. Kosa halikuwa katika idadi, bali katika kuitegemea.

Katika hesabu ya Agosti 2019, watu wa Kenya walikuwa 47,564,296, na wa Mombasa 1,208,333. Anayejificha asihesabiwe huwadhulumu jirani zake, kwani fedha za kaunti hugawanywa kwa kutazamwa, pamoja na mambo mengine, idadi ya watu.

Hata hivyo, tarakimu haina macho. Nyumba tisa zikilala na njaa, na ya kumi ikachinja mbuzi kumi, mwenye kuhesabu ataandika kuwa kila nyumba, kwa wastani, imepata mbuzi mmoja. Hesabu yake haina uwongo, na wenye njaa wangali na njaa.

Basi enyi wasimamizi wa zaka na wakfu, nanyi mlio katika Bunge la Kaunti: isomeni hesabu mjue mtaa wa kuendea, kisha nendeni kwa miguu yenu mkabishe hodi. Siku ya Kiyama hatutaulizwa wastani wa mtaa. Tutaulizwa jirani aliyelala na njaa hali sisi tumeshiba.

Wabillahit Tawfiq.