Kukinai kwa Mali ya Mwenzio

Lipo swali ambalo kwa juu laonekana la mafundi tu: kompyuta ibadilishwe kadi ya grafiki, kile kipande kinachoishughulikia picha hata ikafika kwenye kioo, kila baada ya muda gani, na kwa pesa ngapi? Mimi nililetewa na mpwa wangu wa Magomeni, ambaye riziki yake ni kuhariri mikanda ya harusi. Kadi yake ilikuwa ya mwaka 2016, naye alitaka mpya.

Kama ilivyo ada ya wazee, nilimhubiria kukinai. Nikamwambia kwamba wenye viwanda hutoa kizazi kipya takriban kila miaka miwili, na kalenda hiyo ni yao, si yake. Nvidia walitoa GTX 1060 mwaka 2016 kwa dola 249. Ya tabaka hilohilo ya mwaka 2025, RTX 5060, ilitoka kwa dola 299, ilhali RTX 5090 ya mwaka huohuo ilitoka kwa dola 1,999. Mvuvi, nikasema, habadilishi tanga kwa kuwa jirani ana jipya. (Mimi mwenyewe sina hata ngarawa.) Maneno yangu yalinipendeza sana.

Miezi mitatu baadaye akanipigia simu. "Mjomba, shikamoo. Yule bwana arusi kachukua kazi yake, kampa mtu mwengine." Kompyuta ilikuwa ikikesha kutoa mkanda mmoja, na umeme ukikatika alfajiri kazi huanza upya. Hapo nilitanabahi. Aliyekesha si mimi, na iliyopotea si pesa yangu. Nilikuwa nimekinai kwa niaba ya mtu ambaye hakunituma. Kukinai ni hukumu mtu aipitishayo juu ya nafsi yake; akiipitisha juu ya chombo cha mwenziwe, sioni tofauti yake na ubahili.

Lakini sisemi kwamba israfu haipo. Mpwa wangu alikuwa akiitamani ile ya dola 1,999, na hiyo hakuitakia harusi za Magomeni; aliitakia vijana wenzake wa barazani.

Tulikwenda Kariakoo. Fundi hakuuliza tuna pesa ngapi. Aliuliza ni kazi gani inayokwama, na inakwama wapi. Alifungua kasha, akapuliza vumbi, akatuonyesha kuwa memori ni chache na kwamba pawa saplai ile ni dhaifu: RTX 5090 peke yake hula hadi wati 575. Akatutahadharisha na kadi za mitumba, kwani Ethereum ilipoacha uchimbaji Septemba 2022, nyingi zilizokuwa zikifanya kazi usiku na mchana bila kupumzika ziliingia sokoni kwa bei ya kuvutia. Tukanunua memori, na kadi mpya ya kadiri.

Siku hizi mpwa wangu ana daftari. Kila mkanda huandika saa alizongojea na kazi aliyoikataa kwa sababu ya kungojea. Thamani ya hayo ikishapindukia bei ya kadi, atabadilisha, iwe ni mwaka mmoja au minane. Nilipomtembelea mara ya mwisho niliomba nilitazame.

"Hilo langu, mjomba," akasema, akalifunga, akanimiminia chai.