Sauti Ile Ni ya Nani?

Huenda umewahi kuusikia wimbo huu bila kujua unaitwaje. Mwaka 1992 Wafaransa wawili, Eric Mouquet na Michel Sanchez, walitoa albamu ya Deep Forest: sintesaiza, midundo ya kompyuta, na juu yake sauti za watu wa mbali. Katika "Sweet Lullaby" anaimba mwanamke mmoja. Wengi tulidhani ni sauti ya misitu ya Kongo. Kumbe ni Afunakwa wa Malaita, Visiwa vya Solomon, aliyerekodiwa na mtafiti Hugo Zemp mwaka 1970. Anambembeleza yatima. Sisi tukacheza densi.

Je, huo ni wizi? Rafiki yangu hubisha: "Zii, wimbo wa kubembeleza mtoto hauna mwenyewe. Hata Afunakwa aliupokea kwa wakubwa wake." Nakubali, lakini nusu. Wimbo ni wa kijiji. Sauti ni ya mtu. Na jina la mtu huyo albamu haikulitaja.

Pesa ni deni, na deni hulipika. Lakini ukishamgeuza mtu kuwa msitu, utamlipa nani?

Sisemi tusichanganye muziki. Taarab nayo ni mchanganyiko wa Uarabuni, Uhindi na Pwani, ila Siti binti Saad tunamtaja kwa jina.

Bado naupenda wimbo ule. Mtu akiniuliza nani anaimba, nasema: Afunakwa. Ni kidogo, lakini ndiyo sehemu ya deni iliyo mkononi mwangu.