Ukarimu Unaolipiwa: Nyumba za Wageni za Khumbu na Swali la Thawabu

Khumbu ni eneo la mabonde ya juu kaskazini-mashariki mwa Nepal, chini ya mlima Everest. Wenyeji wake, Washerpa, walihamia huko kutoka Tibet yapata miaka 500 iliyopita. Dini yao ni Ubuddha wa Tibet, madhehebu ya Nyingma, yanayomtukuza Guru Rinpoche, mwalimu wa karne ya 8. Huamini kwamba Khumbu ni bonde takatifu lililofichwa naye liwe kimbilio la waumini nyakati za dhiki, na kwamba mlima Khumbila ni makao ya mungu anayelilinda. Kwa heshima hiyo Khumbila haupandwi, ingawa ni mfupi kuliko vilele vingi vinavyouzunguka.

Kwa vizazi vingi Washerpa waliishi kwa kilimo, ufugaji wa yaki na biashara ya chumvi na nafaka na Tibet kupitia njia ya mlimani ya Nangpa La. Biashara hiyo ilififia baada ya 1959, China ilipobana mpaka wa Tibet. Riziki nyingine ilikuwa imeshaanza kuchomoza: mwaka 1953 wapanda milima Tenzing Norgay na Edmund Hillary walifika kilele cha Everest, na mwaka 1964 kikajengwa kiwanja cha ndege cha Lukla, lango la Khumbu. Wageni walipoongezeka, familia ziligeuza nyumba zao kuwa za kulaza wasafiri. Hapo ndipo lilipozuka swali zito la dini: ukarimu ukishatiwa bei, je, bado una thawabu?

Swali hilo lina uzito kwa sababu katika Ubuddha kutoa ni msingi. Ndiyo sifa ya kwanza kati ya sifa 6 anazopaswa kuzikamilisha mtu anayetafuta kuzinduka kwa ajili ya viumbe wote. Mtoaji hujifunza kulegeza mkono unaong'ang'ania mali, na kung'ang'ania ndiko chanzo cha mateso.

Mafundisho hayo huonekana nyumbani kila siku. Alfajiri, kabla wageni hawajaamka, mwenye nyumba huingia chumba cha sala, akawasha taa ya samli na kufukiza majani ya mreteni. Kisha hupanga vibakuli 7 mbele ya sanamu, karibukaribu bila kugusana, na kuvijaza maji kimoja baada ya kingine. Jioni huvimwaga, akavifuta na kuvifudikiza. Maji yamechaguliwa kwa makusudi. Hayana gharama, kwa hiyo hata maskini huyatoa bila kinyongo, na tajiri hana la kujivunia. Kinachotolewa hasa ni moyo uliofunguka.

Sebuleni, mgeni huketi karibu na jiko la chuma linalowashwa kwa samadi kavu ya yaki. Hupewa viazi, supu nzito ya mboga na unga, au chai ya siagi na chumvi. Kwa desturi ya Kisherpa, mgeni wa nyumbani husihiwa anywe tena na tena, na kikombe chake hakiachwi kikae kitupu. Naye ana wajibu wake. Hatupi takataka wala mabaki ya nyama motoni, kwa kuwa meko yana heshima yake, na akipita penye ukuta wa mawe yaliyochongwa sala huuweka upande wake wa kulia.

Jibu la swali la thawabu huanzia kwenye nia. Buddha alifundisha kwamba uzito wa tendo uko katika kusudi linalolisukuma. Malipo ya chumba na chakula hayawi dhambi, maana riziki ya halali ni sehemu ya Njia ya Hatua 8, mwongozo wa maisha aliofundisha. Mwenye nyumba anayedai haki yake, kisha akamfunika blanketi mgeni aliyezidiwa na maradhi ya mwinuko, ametoa kitu kisichokuwamo katika bei. Anayetabasamu kwa kupiga hesabu ameuza hata tabasamu.

Jambo la pili ni njia ya fedha. Kila mwaka, katika sikukuu ya Dumji, familia za kijiji hushika zamu kugharimia ibada na kuwalisha wanakijiji wenzao. Pato la nyumba za wageni husaidia mzigo huo. Mali iliyoingia kwa biashara hutoka kama sadaka.

Hata hivyo, mvutano haujaisha. Mafundisho ya kale yanakataza biashara ya nyama na vileo, na vyote viwili huuzwa katika nyumba nyingi. Washerpa wengi hukwepa kuchinja wao wenyewe, na nyama hupandishwa kutoka mabonde ya chini. Hilo humwepusha mwenye nyumba na kisu, lakini halimwondoi katika mnyororo unaoishia kwenye sahani ya mgeni.

Kwa hiyo bei peke yake haifuti ukarimu, wala madhabahu peke yake haiutakasi. Kipimo ni kile ambacho mwenyeji yuko tayari kukitoa bila kukiandika kwenye hesabu. Mgeni naye anashiriki: akiyaheshimu meko, mawe ya sala na saa ya ibada, humwachia mwenyeji wake nafasi ya kuwa mtoaji, si mchuuzi tu.