Kora na Mabinti wa Selofehadi: Je, Ni Dhambi Kijana Kuishtaki Serikali?

Andiko la somo: Hesabu 27:1-11. Soma pia Hesabu 16 na Yoshua 17:3-4.

Leo najibu swali ambalo limezunguka hapa kanisani karibu mwezi mzima. Vijana wetu wa ibada ya pili wanataka kuungana na wenzao kupeleka kesi mahakamani. Wanataka serikali ilinde msitu ulio juu ya chemchemi yetu, kwa sababu miti inakatwa na mto unakauka hata miezi ambayo zamani ulikuwa umejaa. Wazee kadhaa wamenijia wakisema, "Pasta, wanyamazishe hawa watoto kabla hawajatuletea shida. Mkristo hashtaki serikali. Warumi 13 imemaliza maneno."

Nawaheshimu wazee wangu, tena sana. Lakini swali kama hili halijibiwi kwa woga. Linajibiwa kwa Neno. Fungua nami Hesabu 27.

Mabinti watano wa Selofehadi walikuwa wamefiwa na baba, na hawakuwa na ndugu wa kiume. Kwa desturi ya wakati ule, jina la baba yao lilikuwa linaelekea kufutika na urithi kupotea. Sasa angalia walichofanya. Hawakunung'unika hemani. Hawakurusha mawe. Walikuja mpaka mlangoni pa hema ya kukutania, wakasimama mbele ya Musa, mbele ya Eleazari kuhani, mbele ya wakuu na mkutano wote, wakaeleza shauri lao. Hiyo, mpendwa, ni mahakama. Na waliokuwa wamekaa pale ndio waliokuwa serikali.

Kuna neno moja walilosema ambalo watu wengi hulipita haraka. Walisema baba yao hakuwa katika kundi la Kora. Kwa nini walitaja Kora? Kwa sababu kila mtu aliyekuwa pale alikumbuka. Kora naye alisimama mbele ya Musa akasema kwa sauti kubwa, na ardhi ikammeza. Kwa hiyo mabinti hawa walijua watu watawaza nini: "Hawa nao ni waasi kama wale." Wakaondoa hilo mapema.

Tofauti yao ni nini? Kora alitaka kiti cha Musa. Mabinti walitaka urithi wao, na walimwacha Musa kitini pake. Kora alikuja kupindua hukumu, wao walikuja kuiomba. Na Mungu, aliyemhukumu Kora, ndiye aliyemwambia Musa kwamba mabinti hao wana haki, wapewe. Tena ikawa sheria kwa Israeli yote.

Jambo lingine. Wakati wanadai, hawajavuka Yordani. Nchi yenyewe hawajaiona. Walisimama mahakamani kwa ajili ya ardhi ambayo wangeikalia kesho. Je, si ndivyo wanavyofanya vijana wa siku hizi?

Nisikilize sasa, nikupeleke Marekani kidogo, maana huko jambo hili limeshajaribiwa. Machi 2020, watoto na vijana 16 waliishtaki serikali ya jimbo lao la Montana. Mdogo kabisa alikuwa na miaka 2, mkubwa 18. Montana inachimba makaa ya mawe, mafuta na gesi. Vitu hivi vikichomwa hutoa hewa ya kaboni, na hewa hiyo hushika joto lisitoke duniani. Ndiyo sababu mojawapo kubwa ya misimu kuvurugika, huko kwao na huku kwetu. Lakini jimbo lilikuwa na sheria iliyowakataza maofisa wake kuyapima madhara hayo wanapokagua miradi kabla ya kutoa vibali. Yaani mlinzi amewekwa langoni, halafu amefungwa kitambaa machoni.

Vijana wale hawakudai fidia. Walishika katiba ya jimbo lao ya mwaka 1972, inayompa kila mtu haki ya mazingira safi na yenye afya, na inayotaka yatunzwe kwa ajili ya kizazi hiki na vijavyo. Juni 2023 walisimama mbele ya jaji mjini Helena. Rikki Held, ambaye kesi inaitwa kwa jina lake, ni binti wa familia ya wafugaji. Alieleza ukame, mafuriko na moto wa nyika ulivyowapata shambani kwao. Wengine walieleza moshi unavyowabana kifua. Serikali ikajitetea kwamba Montana ni ndogo, hewa yake chafu ni kidogo mno ukilinganisha na dunia nzima.

Agosti 14, 2023, Jaji Kathy Seeley aliamua kwamba vijana wana haki na sheria ile inapingana na katiba. Serikali ikakata rufaa. Desemba 18, 2024, Mahakama ya Juu ya Montana ikaithibitisha hukumu hiyo, majaji sita kwa mmoja.

Sitawadanganya kwamba kila kesi hushinda. Vijana wengine 21 waliishtaki serikali kuu ya Marekani mwaka 2015 huko Oregon. Walizungushwa mahakamani karibu miaka kumi, na Machi 2025 Mahakama ya Juu ya nchi ikakataa kuwasikiliza. Haki wakati mwingine hukawia, na wakati mwingine mlango hufungwa kabisa. Vijana, mjue hilo kabla hamjaweka sahihi.

Turudi nyumbani. Mwaka 1989 Wangari Maathai alikwenda Mahakama Kuu kuzuia jengo la ghorofa 60 lisijengwe Uhuru Park. Mahakama iliitupa kesi, ikisema hana haki ya kuileta kwa sababu yeye binafsi hajadhurika. Baadaye jengo lenyewe liliachwa. Leo Katiba yetu ya 2010 inasema vingine. Kifungu cha 42 kinampa kila mtu haki ya mazingira safi na yenye afya, yalindwe kwa faida ya kizazi cha sasa na vijavyo. Kifungu cha 70 kinakuruhusu kwenda kortini bila kuthibitisha kwamba kuna mtu ameshapata hasara. Na Kifungu cha 69 kinampa kila mmoja wetu wajibu wa kushirikiana na serikali kutunza mazingira. Wajibu, wapendwa. Kwa hiyo ukiona msitu unaisha ukanyamaza, hujaitii serikali. Umeacha kazi uliyopewa.

Je, Warumi 13? Naipokea yote. Inasema mwenye mamlaka ni mtumishi wa Mungu kwa ajili ya mema. Mtumishi anaweza kukumbushwa kazi yake. Tena mahakama nayo ni mamlaka. Anayekwenda kortini na kukubali hukumu amejinyenyekeza chini ya mamlaka kuliko yule anayelalamika kwenye kinyozi. Paulo mwenyewe, aliyeandika Warumi 13, alikata rufaa kwa Kaisari katika Matendo 25. Na 1 Wakorintho 6 inakataza ndugu kushtaki ndugu mbele ya wasioamini. Hapa hakuna ndugu anayeshtakiwa.

Mwingine atasema, "Pasta, hizi ni siku za mwisho, mambo ya mito tuyaache." Mbona unapeleka watoto shule? Yeremia alinunua shamba huku mji umezingirwa na adui, na ni Mungu aliyemwagiza. Mafuriko ya 2024 yaliua zaidi ya watu 200 hapa Kenya. Jirani yako hakuuliza ni siku gani za mwisho wakati maji yanaingia nyumbani.

Kwa wazee wangu: Musa hakuwafukuza wale mabinti, wala hakuwajibu kutoka kichwani mwake. Alilipeleka shauri lao mbele za Bwana. Tufanye hivyo. Jumatano kwenye maombi tutaliweka jambo hili mbele za Mungu pamoja na vijana, na siku wakienda kuandikisha kesi, mimi nitakwenda nao.

Kwa vijana: mlindeni moyo wenu na Kora. Msitukane mtu. Semeni kweli tu, hata ile isiyowasaidia. Msiahidiwe vyeo na mwanasiasa yeyote. Na mkishinda, msilale. Yoshua 17 inaonyesha mabinti wale wakirudi tena kwa Eleazari na Yoshua kukumbusha agizo la Bwana, ndipo wakapewa fungu lao.

Tuombe. Bwana, wewe ndiwe mwenye nchi na vyote viijazavyo. Wape watoto wetu ujasiri wenye adabu. Wape wenye mamlaka masikio. Uturehemu sisi wazazi, tusije tukala urithi wa watoto wetu nao wakiwa wanatuangalia. Katika jina la Yesu. Amina.