Vidonge vya Jirani

Mwanangu, vidonge vya usingizi ulivyopewa na jirani yako wa Rinkeby virudishe. Nilikwambia Mfungo, nikakwambia tena Idi, na leo nakwambia. Aliyepimwa ni yeye, si wewe.

Kukosa usingizi si maradhi mamoja. Wewe unasema ukishajilaza miguu inakutambaa kwa ndani kama siafu, na ukiinuka ukatembea inatulia. Ugonjwa huo unajulikana. Karl-Axel Ekbom, daktari wa hapa hapa Sweden, aliuandikia kitabu mwaka 1945. Mara nyingi mzizi wake ni upungufu wa madini ya chuma, na wajawazito huwapata sana. Kwa hiyo mkeo mjamzito naye umuulize, huenda anavumilia kimya. Daktari wa kituo chenu cha afya akupime akiba ya chuma kwenye damu. Na hiyo chai unayoshushia chakula kila jioni inakizuia chuma kuingia mwilini. Inywe baadaye.

Kaka yako ana lake. Anakoroma, pumzi inakatika, kimya, kisha anagutuka akihema. Mchana anasinzia kwenye usukani. Huyo kidonge cha usingizi chaweza kumzidishia. Kinachomfaa ni mashine ya kusukuma hewa puani usiku kucha, ile aliyoibuni Colin Sullivan kule Australia, akaitangaza mwaka 1981. Najua anaficha kwa kuogopa kunyang'anywa leseni. Kweli, sheria ya hapa haimruhusu kuendesha akiwa katika hali ile, lakini akitibiwa akapona kusinzia, huruhusiwa kuendesha tena. Mwambie wewe, mimi amechoka kunisikia.

Nami je? Juni Stockholm jua linazama saa nne usiku, saa tisa na nusu limeshachomoza. Desemba jua limeshazama kabla ya saa tisa alasiri. Mzee gani atalala? Daktari hakunipa dawa. Alinipa karatasi niandike saa za kulala na kuamka, akanikataza kulala mchana, akasema usingizi ukigoma niondoke kitandani, na niamke saa ile ile hata usiku uwe mbovu vipi. Nilimwona ananichezea. Kumbe ndiyo tiba inayotangulizwa kabla ya vidonge, ila inataka wiki kadhaa za subira, na mwanzoni unachoka zaidi. Nyinyi vijana mwaweza kuifuata hata kwenye intaneti.

Kesho asubuhi piga simu kituoni. Usiwaambie tu hulali. Waambie habari ya miguu.